Swaumu na Sifuri ya Mzee Parsaoti

Mpwa wangu Swaumu ni binti wa miaka ishirini na saba, na akili alizonazo amezirithi kwangu. Baba yake hulibisha jambo hili, lakini baba yake hubisha hata saa ya ukutani. Mimi nilifika kidato cha pili, nikawatazama walimu waliobaki mbele yangu, nikaona hawana jipya la kuniambia, nikarudi Misima, Handeni, kufuga kuku na kuendesha pikipiki. Swaumu alizaliwa Kwamndolwa, Korogwe, mtoto wa mwisho wa dada yangu. Tangu mdogo alikuwa na tabia moja iliyomuudhi kila mtu. Ukimuuliza kitu asichokijua, hakuambii "labda" wala "nadhani". Ananyamaza. Utamsubiri mpaka ugali upoe.

Darasa la tano aliwahi kurudisha karatasi ya mtihani ikiwa na maswali sita hayajaguswa. Mama yake akafoka, kwa nini hata hukubahatisha, si yalikuwa ya kuchagua? Akajibu, "Mwalimu angedhani najua." Dada yangu alinipigia simu kuniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuwa hivyo. Nikamwambia hapana, sisi hubahatisha wote, na ndiyo maana tumefika hapa tulipofika.

Alisoma kompyuta miaka miwili Tanga, akarudi, akapanga chumba Kilole, hukohuko Korogwe, nyuma ya fundi cherehani. Watu humletea vyeti kwenye bahasha za kaki, yeye anawajazia fomu za mtandaoni za kazi, za vyuo, za vyeti vya kuzaliwa. Amejaza fomu za watu mpaka akazichukia. Hii inamkataa mtu asiye na jina la kati, ile inataka barua pepe ya bibi wa miaka themanini. Kwa hasira hiyo akajifunza kutengeneza za kwake. Na mwaka jana shirika moja dogo la mifugo likamwomba atengeneze fomu ya kuandikisha wafugaji wa Handeni kabla ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Unaandika jina, kitongoji, namba ya simu na idadi ya ng'ombe. Mwisho wa siku programu inajumlisha, na gari la chanjo linabeba chupa kufuata jumla hiyo.

Kisanduku cha idadi kilimtoa jasho. Mmoja aliandika "ng'ombe 40", mwingine "40 tu", mwingine akaweka mkato katikati ya namba, na kompyuta ikawa inawakataa wote. Swaumu akaiandikia programu amri fupi: chochote kisicho tarakimu kitupwe, tarakimu zinazobaki ziunganishwe, zihesabiwe kuwa namba. Akajaribu mara ishirini, ikakubali zote. Akanipigia kunieleza. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nalifikiria hilohilo.

Kwa kuwa wazee wengi wa huku kwetu hawana simu za kupangusa, akanituma mimi na yangu nipite kwenye maboma yao kuwajazia. Niliandikisha kaya sitini na moja kwa siku nne, kazi ambayo kijana wa chuo angeimaliza kwa mwezi. Siku ya nne nikafika kwa mzee Parsaoti.

Mzee Parsaoti ni mfugaji, na watu wa nyanda zote zile wanamfahamu kwa upole na kwa ukaidi, kwa kiasi kilekile. Nikamwamkia, nikapewa maziwa na mkewe Naeku, nikatoa simu.

"Ng'ombe wako ni wangapi, mzee?"

Alinitazama kama nimemuuliza watoto wake wataishi siku ngapi.

"Wapo," akasema.

"Najua wapo, nawaona. Namba."

"Wewe una kuku?"

"Ninao."

"Wahesabu kuku wako."

Naeku akacheka, akageukia kwangu. "Shemeji, huyu hawezi kukutajia. Akiingiza jioni anawatazama tu. Akikosekana mmoja anakwambia ni yupi na mama yake ni nani. Namba hataki kuisema, anaona kuwahesabu ni kama kuwaita wapungue."

Nikaona yasiwe makubwa. Kile kisanduku nikakiacha kitupu, nikabonyeza kutuma. Simu ikaniandikia: *Asante, umefanikiwa kujisajili.* Na mimi nikamwambia mzee asante. Kwa Swaumu sikulisema. Si kwamba nilimficha, hakuniuliza.

Siku ya chanjo ilikuwa Jumatano. Boma moja jirani na la Parsaoti lilikuwa na ng'ombe watatu wanaokohoa tangu Ijumaa, na maboma yale mawili hunywesha bwawa moja, kwa hiyo watu walifika joshoni, pale mifugo inapoogeshwa, wakiwa na roho mkononi. Swaumu alikuja kutoka Kilole na kompyuta yake, maana ilikuwa mara ya kwanza fomu yake kutumika. Akawekewa meza chini ya kibanda cha bati. Bwana mifugo alikuwa Habakuki, mtu mrefu, mpole kwa ng'ombe kuliko kwa watu. Alisimama kwenye ile njia nyembamba ya miti ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja, akawa anasoma jina na idadi, anachanganya chupa, anachoma. Chanjo ile ikishachanganywa na maji yake haingoji. Isipotumika upesi, inamwagwa.

Saa tano Parsaoti akafika na kundi lote. Vumbi lake lilionekana kabla yake.

Habakuki akapitisha kidole kwenye orodha. "Parsaoti. Sifuri."

"Sifuri ni nani?" mzee akauliza.

"Inaonekana hapa huna ng'ombe."

Mzee aligeuka taratibu, akatazama pembe zilizojaa mpaka kwenye migunga, akarudisha uso. "Basi nisaidie kuwarudisha kwa mwenyewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na Habakuki hakucheka. Alifunua sanduku la baridi. "Mzee wangu, zimebaki chupa tano. Kila moja dozi hamsini. Zote zina wenyewe kwenye orodha hii, na nyingine ni za kitongoji cha mbele. Gari linaondoka hapa saa nane na nusu. Chanjo nyingine sijui itakuja lini."

"Wale wa jirani wanakohoa," Naeku akasema. "Tunakunywa maji pamoja."

"Najua, mama. Lakini sifungui chupa kwa ng'ombe sifuri."

Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama nyuma ya pikipiki yangu nikikagua mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. Swaumu akaniita.

"Mjomba, kwa mzee Parsaoti ulijaza wewe. Uliandika sifuri?"

"Sikuandika kitu."

"Hukuandika namba, au hukuandika kitu kabisa?"

"Kabisa. Hakutaka kusema, nikaacha wazi. Fomu yako ikanishukuru."

Ana pini ya kilemba anayoichezea akiogopa, anaichomoa na kuichomeka. Aliichomoa na kuichomeka mara nne, kisha akanigeuzia kompyuta. Kwenye orodha ya Misima kulikuwa na sifuri kumi na moja.

"Mtu akiandika arobaini kwa herufi," akasema, "programu inatupa herufi. Kinabaki nini?"

"Hakibaki kitu."

"Na pasipobaki kitu, ukiiambia kompyuta ipageuze pawe namba, inaandika sifuri. Haiulizi. Kwa hiyo hapa yuko asiye na ng'ombe kweli, yuko aliyeandika kwa maneno, na yuko aliyenyamaza. Wote nimewahifadhi kwa sifuri ileile. Siwezi kuwatenganisha, mjomba. Nimefuta walichosema."

Nilitaka kumtania kidogo, kumwambia kompyuta yake inafanana na karani mmoja niliyemjua. Nilipomtazama usoni nikaacha.

Kule kwenye miti Habakuki akaita jina linalofuata. "Isihaka Mdoe. Sitini na saba."

Isihaka ni mkulima wa mahindi, jirani yangu. Alisogea na ng'ombe saba na fimbo moja.

"Wengine wako wapi?" Habakuki akamuuliza.

"Wengine gani?"

"Umeandikisha sitini na saba."

"Mimi?" Isihaka akatutazama wote kutafuta nani kamsingizia. "Ningekuwa na sitini na saba, bwana mifugo, ungenikuta hapa na kandambili hizi? Nilijaza mwenyewe kwenye simu. Sita, kistari, saba. Mmoja alikuwa kwa shemeji, sikuwa na hakika kama atarudi."

Swaumu akasimama mpaka kiti kikaanguka.

"Kistari," akasema. "Kimetupwa."

Alirudi kwenye orodha, safari hii hakutazama sifuri. Alikuwa anatafuta kitu kingine, na kidole chake kikawa kinasimama. Mwantumu, arobaini na tano. Shida, thelathini na nne. Sabiri, sabini na nane. Nne na tano. Tatu na nne. Saba na nane. Na ndivyo tunavyosema huku, mtu akikuuliza idadi ya kitu chako unamwambia saba nane hivi, hakuna anayetaka kuonekana mwongo kwa ng'ombe mmoja. Amri ileile iliyomnyima Parsaoti ndiyo iliyowagawia wakulima ng'ombe wa hewani, na chupa zao zilikuwa zimekaa kwenye barafu zikiwangoja.

Saa sita na robo akaanza kupiga simu. Mwantumu alipokea. "Wanne, mwanangu, au watano ukimweka huyu wa mkwe." Shida naye akasema watatu, wa nne aliuzwa. Ukiwaweka pamoja na Isihaka na wadogo wengine waliobaki, chupa moja iliwatosha wote. Chupa mbili zikawa huru. Mbili nyingine zilikuwa za Sabiri, na simu ya Sabiri haikupatikana.

Habakuki akaja mezani, glavu mkononi. "Huyo naye ni saba nane kama wenzake. Ni mkulima, anakaa kule mbele, atawapata wapi sabini na nane? Tuzihesabu zote nne kuwa za mzee, tuanze."

Parsaoti alikuwa hatua tano kutoka hapo. Alisikia. Fimbo aliyokuwa ameiegemea aliinyanyua kidogo kutoka chini.

"Hapana," Swaumu akasema.

"Hapana nini?"

"Sijui kama ni saba nane."

"Binti, watatu kati ya wanne umeshawaona."

"Wa nne sijamwona. Kama wapo kweli, utafika kwake jioni ukiwa na sanduku tupu, na atakuuliza nani aliamua hana ng'ombe. Utamwambia nani?"

Habakuki alitazama saa. Nilijua kwamba kukubali kungemponya Swaumu na aibu yote ile mbele ya watu. Alichomoa pini, akaichomeka.

"Mjomba ana pikipiki," akasema.

Kilomita kumi na mbili za mchanga. Nilikuwa nimeshawasha kabla hajamaliza, na sijioni kama nilikosea kwa hilo hata kidogo. Lakini sikuondoka mara moja, kwa sababu nilitaka kuona kama Habakuki atafungua zile chupa mbili. Hakutaka. Orodha yake ilidai idadi ya kila mfugaji kabla ya chupa kufunguliwa, na asipoiandika, barua ya kujieleza itamhusu yeye.

Swaumu akamwendea Parsaoti, akainama kidogo. "Shikamoo mzee. Sikuulizi wangapi. Chupa moja inamaliza wale." Akamwonyesha kundi la mfugaji mwingine lililokuwa limepumzika kivulini, watu walikuwa wameshawahesabu asubuhi, hamsini kasoro mmoja. "Chupa mbili zitakutosha?"

Mzee alitazama wale wa kivulini, akatazama wake, kwa muda mrefu.

"Hazitoshi."

"Nne?"

"Nne zitabaki."

Swaumu akachukua kalamu ya Habakuki, na mahali pa idadi akaandika: *zaidi ya chupa mbili, chini ya nne, mwenyewe hajataja*. Akatia sahihi yake chini, jina lote, na namba ya simu. "Barua ikija, ije kwangu." Habakuki akaisoma, akatikisa kichwa, akavunja kifuniko. Hapo ndipo nikaondoka.

Nilimkuta Sabiri akikarabati uzio. Nikamuuliza bila kushuka.

"Sabini na nane," akasema. "Si niliandika? Simu iliingia majini juzi."

"Wa kwako?"

"Wa kwangu na wa marehemu kaka, nimewaachia vijana wa kifugaji bondeni. Twende ukaone kama huamini."

Nilikwenda. Nilihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nikapata sabini na sita, mara ya pili themanini na mmoja, kwa sababu ng'ombe hawasimami kwa heshima kama watoto wa shule. Ila hata kipofu angejua wale si wanane.

Sasa sikiliza nikwambie ukweli. Njiani niliona ningeweza kurudi nikasema wanane. Sabiri hakuwa na simu, mpaka gari lifike kwake mambo yangekuwa yamekwisha, na kisanduku kile cha Parsaoti kilichoachwa kitupu kilikuwa kazi ya kidole changu hiki. Nilifanya mazoezi ya majibu yote mawili kwa sauti juu ya pikipiki. "Wanane" lilitoka vizuri zaidi.

Nilifika saa nane na dakika kumi. Chupa ya pili ilikuwa inaelekea mwisho, na kundi lisilochomwa lilikuwa bado limejaa upande wa migunga. Watu wote walinigeukia. Parsaoti, Naeku, Habakuki na sindano yake hewani. Swaumu hakunyanyuka kwenye kiti.

"Mjomba?"

"Sabini na nane," nikasema. "Nimewaona kwa macho."

Habakuki akafunga sanduku la baridi, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Naeku aliketi chini. Mzee Parsaoti akavuta pumzi, akauliza, "Zimebaki ngapi humo kwenye bomba la sindano?"

"Kumi na mbili. Na ile ya wakulima imebakiza kumi na nne."

Akaenda kusimama kwenye mdomo wa ile njia ya miti. Akaanza kuchagua kwa fimbo. Huyu apite. Huyu asipite. Majike yenye mimba kwanza. Kuna dume moja jekundu alimwekea fimbo shingoni akakaa naye hivyo, kisha akamsukuma pembeni. Swaumu aliangalia yote, hakugeuza uso. Dozi ya mwisho ilipokwisha, waliobaki wakachukuliwa na Nkoitiko, mwanawe mkubwa, wakapelekwa malisho ya mbali na lile bwawa, na gari likaondoka kwenda kwa Sabiri.

Alhamisi na Ijumaa chumba cha Kilole hakikufunguliwa kwa wateja. Swaumu aliwapigia wote kumi na mmoja. Wanne hawakuwa na ng'ombe kweli. Watano waliandika kwa maneno. Wawili, Parsaoti na mwingine, hawakuandika kitu. Kisha akaibomoa ile amri yake. Alichoandika mtu sasa kinabaki kama kilivyo, herufi zake na vistari vyake, na namba inakaa pembeni pale tu inapokuwa namba bila shaka. Penye kistari panageuka njano, mtu apigiwe simu. Penye utupu panabaki utupu, na kwenye orodha ya gari panaandikwa: *hajasema, afikiwe*. Mwanzo alitaka kulazimisha, usijaze husogei. Nikamwambia, ukimlazimisha mzee yule ataandika moja ili simu imwachie, halafu utakuwa na moja ya uongo badala ya sifuri ya uongo. Akaacha kuchapa. "Hilo umelifikiria mwenyewe, mjomba?" Nikamwambia mengine ninayo, asubiri tu.

Orodha hiyo mpya aliituma kwa shirika pamoja na barua aliyoandika mwenyewe, akieleza kosa lilivyokuwa na ni la nani. Jina langu hakuliweka, ingawa sikumwomba.

Siku ya tisa gari lilirudi. Habakuki alishuka na chupa mbili. Nkoitiko akawaleta wale waliotengwa, na mzee Parsaoti alikuja mbele yao, akapita watu wote mpaka mezani kwa Swaumu.

"Amepungua mmoja," akasema. "Alianza kukohoa Jumapili. Jana asubuhi hakuinuka."

Swaumu alishusha mikono kutoka kwenye kompyuta. "Pole, mzee. Nisamehe."

"Mwandike."

Kulikuwa na kisanduku cha vifo, kinataka namba. Swaumu hakukigusa. Alifungua mahali pa maelezo. "Nimwandikeje?"

"Mweusi. Ana doa jeupe begani. Mama yake ni yule wa pembe iliyoinama, aliyekuja na Naeku alipoolewa. Alikuwa hajazaa bado."

Swaumu aliandika maneno yale yote, neno kwa neno, kisha akamsomea kwa sauti. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Bega la kushoto," akasema.

Akaongeza. Mzee akageuka, akanyanyua fimbo, na dume jekundu likawa la kwanza kuingia.